Soli za Bwana Mkubwa

Fundi viatu hamtazami mtu usoni. Anaanza na miguu, na akipata nafasi anakigeuza kiatu juu chini, hapo ndipo anasema sasa namjua huyu. Wetu alikuwa hivyo hivyo. Ukipita mbele ya kibanda chake anakusalimia ameinamisha kichwa, ukishapita anamnong'oneza kinyozi wa kibanda cha jirani: "Yule jamaa goti la kulia linamsumbua." Kinyozi anacheka, anamwita mchawi, na kazi inaendelea.

Kwa hiyo Jumamosi ile, alipokuwa kibandani akipiga rangi viatu vya nyumbani kwake kama alivyozoea kila mwisho wa wiki, hakuwa akitafuta kitu chochote. Alimaliza vya mkewe, akamaliza vya mama mkwe, kisha akachukua vibuti vya mwanawe. Akavigeuza kwa mazoea tu. Brashi ikamponyoka.

"Kinyozi!" akapiga ukelele. "Kinyozi, njoo! Acha kila kitu, njoo!"

Msimwone mwendawazimu. Mwanawe alikuwa amepita miaka mitatu na hajawahi kutembea. Alizaliwa na sindromu ya Down, na daktari aliwakalisha wazazi akawaeleza taratibu kwamba huo si ugonjwa wa kumeza dawa ukaisha, ni namna mtoto alivyoumbika tangu tumboni. Misuli yake ni laini. Atajifunza, daktari alisema, ila kwa mwendo wake mwenyewe. Akaongeza kwamba miaka ya mwanzo kifua kitawasumbua, na hilo ndilo lililotimia mbio mbio. Mafua ambayo kwa watoto wengine huishia kwenye kamasi na kelele, kwake yaligeuka nimonia. Wodi ya watoto waliizoea mpaka wakajua kitanda kipi kinapiga kelele na bomba lipi halifungi. Kila alipojifunza jambo, homa ilikuja ikampokonya, akaanza upya.

Hapo ndipo ilipotungwa sheria ya sakafu. Aliyeitunga ni mama mkwe, binti yake akaiunga mkono, na fundi akaipokea bila kura kupigwa: mguu wa mtoto usiguse saruji, kwa sababu baridi hupandia miguuni ikaenda kukaa kifuani. Basi mtoto akawa wa kubebwa. Akishuka mgongoni kwa bibi anapanda kiunoni kwa mama, akitoka hapo yuko mabegani kwa baba, na jirani akija kuazima chumvi anapewa na yeye zamu yake. Alikuwa na mashavu manono na macho yaliyoinuka pembeni, na kila alikopitishwa aliwapungia watu mkono kutoka juu huko. Mtaa ukambatiza Bwana Mkubwa. Walisema hajapata kuonekana mkubwa kama huyu, asiyekanyaga hata chini.

Vibuti alivishona fundi mwenyewe. Daktari alisema vifundo vya miguu vya mtoto ni legevu, na siku ya kusimama ikifika, kiatu chenye kushika kifundo kitamsaidia. Fundi akachagua ngozi laini kuliko zote alizokuwa nazo, akavipa shingo ndefu, akavitia soli ya raba. Mtoto alivaa kila siku, kwa heshima tu, miguu ikining'inia hewani.

Na sasa soli zilikuwa zimelika.

"Tazama!" alimwambia kinyozi, aliyekuja na wembe mkononi, mteja amemwacha kitini na ndevu nusu. "Cha kulia kimelika kisigino, upande wa nje. Cha kushoto kimechubuka puani. Mguu wa kushoto anauburuta kidogo, wa kulia anaukanyagia nje. Huyu mtu anatembea!"

"Labda vilisuguliwa mahali," kinyozi akasema.

"Nani kakuuliza habari za kusuguliwa? Kusuguliwa hakuli kisigino upande mmoja!"

Mteja mwenye ndevu nusu naye akafika, shuka la kunyolea bado shingoni. Akakichukua kibuti, akakigeuza huku na huku, akakinusa kabisa, Mungu anajua kwa nini. "Mtoto anatembea," akatoa hukumu.

Mdomo wa fundi haukuwa na breki. Kabla hajafunga kibanda habari ilikuwa imeshamfikia mama muuza chai, ikaruka kwa muuza nguo, na fundi saa akawa anaulizwa kwa sauti kubwa kama amesikia. Fundi alitoka mbio na vibuti mkononi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri kiatu chake alibaki amesimama kwa mguu mmoja, akimtukana kwa adabu.

Alikimbia akicheka peke yake. Lakini alipofika kwenye kona ya mtaa wao, kicheko kikamkwama. Kama mtoto anatembea, mbona yeye hajui? Tangu mtoto azaliwe fundi alikuwa na ombi moja tu, la kumwona akimjia kwa miguu yake, hata hatua mbili, hata moja na nusu. Usiku wa wodini aliliomba hilo kuliko alivyoomba riziki. Sasa kumbe limeshatokea, na kuna mtu amelificha. Akaongeza mbio.

Mama mkwe alikuwa kizingitini, mtoto mgongoni. Si mchezo kumtuhumu mama mkwe. Fundi alipunguza mwendo, akameza mate, akaanza na salamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si umeshaniamkia leo? Kuna nini?"

"Hakuna neno. Nilitaka kuuliza tu, mama. Kama labda siku moja mgongo ulichoka, ukamweka chini kidogo Bwana Mkubwa. Si kwa ubaya."

"Mimi?" Mama mkwe akamtazama toka utosini hadi vidoleni. "Mimi nimweke mjukuu wangu sakafuni? Mkwe wangu, umekunywa nini asubuhi yote hii?"

"Na mchana je, mama?"

"Mchana najilaza. Mtu mzima halali? Nikijilaza, anabaki na mama yake."

Jikoni mfuniko wa sufuria ukaanguka. Wote wawili wakageuka, na Bwana Mkubwa mgongoni akacheka, akapungia upande wa jikoni.

Fundi aliingia, akaviweka vibuti juu ya meza, soli zikitazama juu. Mkewe aliviona. Akachukua sahani iliyokwisha kauka zamani, akaanza kuifuta.

"Zimelika," fundi akasema.

"Viatu vikivaliwa si huisha?"

"Vya anayebebwa haviishi huku chini, mke wangu."

Sahani ilifutwa pande zote mbili, ikafutwa tena. Kisha mwanamke akaiweka, akavuta kigoda, akakaa.

"Tangu wodini," akasema. "Safari ile ya mwisho, homa iliposhuka. Yule dada wa mazoezi ya viungo aliniambia nimshushe, ashike vitanda, eti kifua kinapona haraka mtoto akijongea. Nikamshusha. Akashika kitanda hiki, akashika kile. Halafu akaachia."

"Akaachia?"

"Mikono. Akaenda mwenyewe mpaka dirishani."

Fundi akashika ukingo wa meza. "Na hukuniambia! Mimi baba yake! Nakaa kibandani kutwa natengeneza watu watembee, na wangu anatembea sijui!"

"Ningekuambiaje wewe?" Sasa na yeye alikuwa amesimama. "Alipokaa mwenyewe mara ya kwanza uliita mtaa mzima. Soda, muziki, kinyozi akacheza mpaka akavunja kiti changu. Wiki ileile tukawa kwenye oksijeni. Aliposimama akashika kabati, ulipiga sufuria mpaka barabarani. Sufuria yenyewe haijarudi jikoni, tuko wodini! Kila tukishangilia anaugua. Kila tukifurahi, mume wangu, kila tukifurahi!"

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemtia ugonjwa? Kwa makelele yangu?"

"Sijui!" Machozi yakamtoka. "Sijui kinachomtia ugonjwa, nimechoka kutafuta. Nimechemsha vikombe, nimefunga madirisha, nimemvika sweta jua linawaka. Vyote hivyo na bado. Nikasema basi labda ni furaha. Labda hii moja nikiificha, nisimwambie mtu, itaachwa ibaki."

Fundi alikuwa na haki ya kukasirika na alijua hivyo, lakini hasira aliitafuta asiione. Alichopata ni huruma. Yeye habari njema haikumkalia hata nusu asubuhi. Huyu mwanamke alikuwa ameibeba peke yake, mchana baada ya mchana, mama yake akikoroma chumba cha pili, akimtazama mwanawe anatembea na hathubutu hata kupiga makofi.

"Nionyeshe," akasema kwa sauti ya chini. "Nionyeshe tu. Sitatoa hata pumzi."

"Yaani mimi nikifumba jicho, huku nyie mnatembezana?" Mama mkwe alikuwa mlangoni, amesikia kila kitu na hakuona haja ya kujificha. Aliyetunga sheria alivimba kwa muda, midomo ikimcheza. Kisha akamfungua mtoto mgongoni. "Mvisheni basi hivyo viatu. Tumesimama kama tuliofiwa."

Meza ikasogezwa ukutani. Mama akamfunga mtoto kamba za vibuti, akamsimamisha mlangoni. Fundi akachutama upande wa pili wa chumba, na kwa kuwa alijijua, akachukua ncha ya aproni yake ya ngozi akaiuma kwa meno.

Bwana Mkubwa akamwona baba yake chini pale, kimo chake. Akatoa ulimi kidogo, kama afanyavyo akiwa na kazi nzito. Akainua mikono yote miwili, akatanguliza tumbo, na tumbo likaivuta miguu. Mguu wa kulia ulikanyagia nje. Wa kushoto uliburuta pua. Barabara kama soli zilivyosema! Akayumba penye kigoda, fundi akafumba macho, akayafumbua, na mtoto alikuwa bado amesimama na bado anakuja. Kigoda alikipita bila kukigusa. Akafika, akaangukia kifuani pa baba yake kwa uzito wake wote.

"Baba," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetoka safari na ana mengi ya kueleza.

Fundi alilia na aproni mdomoni. Hakutoa sauti. Sifa hiyo apewe, maana haikumtokea tena maishani.

Sauti ilitoka dirishani.

"Ametembeaaa!"

Kinyozi alikuwa pale, na mteja wake mwenye ndevu nusu, na mama muuza chai na birika lake, na muuza nguo, na fundi saa, na nyuma yao yule mwanamke wa kiatu kimoja ambaye sasa alikuwa amesahau alichofuata. Vigelegele vikapasuka. Mtu akapiga mluzi, mtu akapiga birika, kinyozi akaanza kucheza na wembe mkononi mpaka watu wakamkimbia. Bwana Mkubwa aliwapungia wote, mmoja mmoja.

Mama yake alimnyakua, akaingia naye chumbani, akafunga mlango. Fundi akatoka kuwanyamazisha watu. Alikuwa hajawahi kuifanya kazi hiyo, na aliifanya vibaya, akisema nyamazeni huku anakumbatiwa na kila mtu.

Siku zilizofuata nyumba iliishi kwa minong'ono. Mtoto alitembea, sasa hadharani, kutoka jikoni mpaka mlangoni na kurudi, na hakuna aliyempigia hata kofi. Fundi akifurahi mno alitoka nje, akazunguka nyumba, akarudi. Mama mkwe aliusikiliza mgongo wa mjukuu wake asubuhi na jioni kama anasikiliza mlango wa jirani.

Halafu asubuhi moja kikohozi kikaja. Kabla chai haijapoa mtoto alikuwa wa moto, pumzi zikienda mbio na mbavu zikivutika.

Mkewe hakumlaumu. Fundi aliona heri angepigwa. Mkewe alichukua mkoba wa hospitali, ambao katika nyumba ile ulikaa nyuma ya mlango umefungashwa siku zote, akaangalia kama kopo la maji limo.

"Mke wangu, nisamehe," fundi akasema.

"Si sasa. Teksi iko wapi?"

Walikuwa na namna yao ya kuingia hospitali, na waliijua bila kuambizana. Teksi kabla haijasimama vizuri fundi anaruka na mtoto kifuani, anakimbia. Mkewe anafuata na mkoba, mama mkwe na blanketi, na walinzi wanafungua mlango mapema maana wanawafahamu. Siku hiyo walianza vilevile. Walipopita mlango mkubwa, mkono mdogo ukampiga fundi kichwani.

"Chini," akasema Bwana Mkubwa.

"Subiri, baba, tunakwenda kwa daktari."

"Chini!" Akakohoa, akampiga tena, ko ko ko, kama mtu anayebisha hodi. "Chini, baba!"

Miguuni alikuwa na vibuti. Mama mkwe ndiye aliyemvika, katikati ya haraka yote ile, akisema hospitali haendi mtu peku.

Fundi akasimama. Mbele yao kulikuwa na ukumbi mrefu wa saruji, umetoka kudekiwa, unang'aa kwa maji na baridi. Kando kando yake benchi zilijaa wazazi na watoto wanaokohoa. Nesi wa mapokezi alishawaona. Alikuja, akamtazama mtoto midomo na kucha, akamwekea chombo kifuani, akasikiliza mbele na nyuma.

"Mmewahi," akasema. "Kifua kimeanza kushika, atalala hapa kidogo, lakini mmewahi. Wiki hii nusu ya watoto wa mji wana hiki kifua."

Na kweli walilazwa, na kweli walitoka, ila hayo ni ya baadaye. Wakati ule mkewe fundi alimshika nesi mkono.

"Sista, naomba nikuulize. Furaha inaweza kumtia mtoto ugonjwa? Tukimshangilia?"

Nesi hakucheka. Alimgeuza taratibu akamwonyesha benchi. "Mama, hebu watazame hawa. Unadhani wote hawa walikuwa na sherehe?"

Mama akawatazama. Akamtazama baba aliyelala ameketi, na msichana aliyekuwa akimfuta mdogo wake pua kwa kiganja, na mwanamke mwenye mapacha, mmoja analia na mwingine anajiandaa. Nyuso zilizochoka, hakuna hata moja iliyotoka kwenye ngoma. Aliwatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Na huyu akitaka kushuka?" fundi akauliza.

"Mshushe, si ana viatu? Chumba cha daktari mnakijua, hapo mbele tu. Nipo nanyi."

Fundi akamtazama mkewe. Mkewe bado alikuwa akizitazama benchi. Fundi akamshusha mtoto.

Bwana Mkubwa alitoa ulimi, akainua mikono, akatanguliza tumbo. Alikwenda. Katikati ya njia kikohozi kikamkamata, akashika ukuta, akakohoa mpaka kikaisha, akaachia ukuta, akaendelea. Waliokuwa kwenye benchi wakavuta miguu kumpisha, naye akawapungia kushoto na kulia, safari hii kutoka chini, usawa wa magoti yao. Miaka yote alikuwa akipitishwa ukumbi ule amebebwa mbio, macho yakitazama dari.

Furaha ilimjaa fundi mpaka akaogopa. Akaziba mdomo kwa mkono mmoja, akaona hautoshi, akaongeza wa pili.

Ndipo akasikia kigelegele. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba kinyozi amewafuata, na akaapa atamnyonga. Akageuka. Mkoba wa hospitali ulikuwa chini, umelalia ubavu, na mkewe amesimama juu yake, kichwa amekirudisha nyuma, machozi yanamwagika, anapiga kigelegele ambacho fundi hakuwahi kukisikia kinywani mwake tangu amwoe. Kikapanda, kikavuka dari. Mama mkwe akakidaka. Mwanamke wa mapacha akakidaka. Benchi moja baada ya nyingine zikaitikia, na watoto wakaacha kulia ili waone kulikoni. Daktari akafungua mlango wake, kalamu sikioni.

Bwana Mkubwa naye akageuka aone sherehe ni ya nani. Kugeuka alikuwa bado hajajifunza. Akapepesuka, akakaa kwa makalio, pu, juu ya saruji yenye baridi.

Vigelegele vikakatika. Mikono ya fundi ilitangulia kabla yake. Ya mama mkwe nayo, na blanketi juu.

"Mwacheni," mkewe akasema.

Wakamwacha. Mtoto akazitazama soli zake kwa muda, akawatazama watu waliosimama wakimngoja. Akaweka viganja sakafuni, akainua makalio, akabaki hivyo akipumua kwa nguvu. Kisha akasimama. Akaendelea na safari yake kwa daktari, na wao wakamfuata nyuma, polepole, kwa mwendo wake.